Rangi au Maziwa: Daftari la Chai, Lunga Lunga hadi Usambara

Lunga Lunga, upande wa Kenya, ukisema "chai" unaletewa chai ya maziwa. Huulizwi kitu. Maji na maziwa vimechemka pamoja kwenye sufuria moja, majani yamo, sukari mara nyingi imo, na asiyetaka maziwa ndiye mwenye kazi ya kujieleza: aseme strungi, au kama ni mtu mzima wa Pwani aseme mkandaa. Vuka mpaka hadi Horohoro, kaa kwenye benchi la mgahawa wa kwanza, agiza "chai" ile ile, na mhudumu atasimama akisubiri umalizie. Ya rangi au ya maziwa? Ukikawia kujibu, utaletewa ya rangi. Wadigo wa huku na wa huko ni ndugu, wanaozana na kuzikana, na wapo wenye shamba upande mmoja na wakwe upande wa pili. Chai yao imegawanyika palepale penye geti la forodha.

Katika daftari langu la njia hii naandika jambo moja kwa kila mji: kipi kinatangulia kuingia sufuriani. Watu wakibishana kuhusu chai hubishana juu ya sukari, au juu ya ukali wa majani. Mimi nafuatilia mpangilio wa kupika, kwa sababu huo mtu huurithi bila kufundishwa. Mtoto humwona mama yake, naye akikua hufanya vilevile, na ukimuuliza kwa nini, atakutazama kama umemuuliza kwa nini anavaa kiatu cha kulia kwanza.

Mombasa maziwa hutangulia, au huingia sambamba na maji. Asubuhi Majengo au Mji wa Kale, kikombe huja kizito, kimekolea tangawizi na hiliki, pembeni mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri huchovywa. Nimeona watu wazima wakila hamri zima kwa kulichovya, na chai iliyobaki chini wakaimalizia kwa mkupuo mmoja. Ni chai ya kushibisha. Naamini kilichoifanya hivyo ni upatikanaji wa maziwa kabla ya ladha yoyote. Kenya ilianza mapema biashara kubwa ya maziwa; KCC, chama cha ushirika cha maziwa, ilianzishwa mwaka 1925, na leo hata kibanda cha kando ya barabara kina maziwa ya pakiti. Kitu kikiwepo kila siku, kwa bei inayojulikana, huacha kuwa nyongeza na kuwa ndiyo chai yenyewe.

Kutoka Horohoro hadi Tanga mjini ni kilomita zisizofika sabini, katikati ya minazi na mashamba ya mkonge. Hapo ndipo daftari langu lina kurasa nyingi zaidi.

Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, kuna mama mpishi aliyenikubalia nikae kando ya jiko lake kabla hakujapambazuka. Sufuria ya maji ilikuwa tayari juu ya mkaa. Alianza na hiliki: aliitwanga kwenye kinu kidogo mpaka maganda yakapasuka, akatia vyote, maganda na punje. Kisha kijiti cha mdalasini alichokivunja kwa vidole. Kisha tangawizi, aliyoiponda kwa mchi uleule, na chembe chache za pilipili manga. Akafunika, akaenda kugeuza chapati. Sikuona majani ya chai kwa muda mrefu kiasi kwamba nikadhani ameyasahau. Maji yalichemka mpaka yakawa na rangi ya majani makavu na harufu ikavuka ukuta. Ndipo akachota majani kwa kiganja, akayarusha ndani, akakoroga mara moja na kuepua palepale. Akachuja, akajaza chupa mbili za chai kati ya tatu alizokuwa nazo.

"Majani ukiyachemsha sana, baba, yanatoa uchungu," aliniambia. "Na uchungu ndio unaonilia sukari."

Katika maneno yote niliyosikia kuhusu chai safari hizi, hayo ndiyo yenye elimu kubwa kuliko yote. Jani la chai likikaa kwenye maji yanayochemka, linazidi kutoa ile hali ya kukausha ulimi, na kikombe kikishakuwa kikali, mteja huongeza kijiko. Kwa mama anayeuza vikombe mia kabla ya saa nne, dakika mbili za moto ni kilo za sukari kwa mwezi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini baada ya mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa, aliacha kutia sukari kwenye chupa. Alimkabidhi kila mteja kijiko chake kikiwa kimejaa, na anayetaka cha pili akalipia. Anasema hakuna aliyegomba. Wapo waliogundua kuwa kijiko kimoja kinawatosha, na mpaka leo hawajarudi kwenye viwili.

Wateja wake wa alfajiri ni makuli, madereva wa bodaboda, na wazee waliotoka msikitini. Wazee hukaa upande wao. Mmoja wao hanywi kwenye kikombe hata siku moja: humimina chai kwenye kisosi, akakiinua kwa vidole vitatu, akanywa kwa sauti. Vijana hula chapati na maharage. Wazee huagiza muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki wa kukaanga, na hapo ndipo nilipoelewa vizuri chai ya rangi inafanya kazi gani. Samaki na chai ya maziwa havikai pamoja. Samaki na chai ya rangi yenye tangawizi na pilipili manga ni mlo uliokamilika, kwa sababu tangawizi inakata shombo na utamu unapoza chumvi. Mahamri yanataka maziwa, muhogo na samaki vinataka rangi. Ukitaka kujua mji unakunywa chai gani, tazama kwanza sahani iliyo kando ya kikombe.

Nilimuuliza mama kwa nini chupa mbili kati ya tatu ni za rangi, na Tanga ina maziwa. Inayo kwelikweli. Tangu miaka ya 1980, kwa msaada wa Uholanzi, wafugaji wadogo wa mkoa huu walianza kufuga ng'ombe wa maziwa bandani, wengine wawili au watatu tu nyuma ya nyumba, na vyama vyao ndivyo vilivyozaa kiwanda cha Tanga Fresh katika miaka ya 1990. Mtindi wa Tanga unanywewa hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo ule msemo kwamba wa Tanga wanakunywa rangi kwa sababu ya umaskini hauna msingi. Jibu la mama lilikuwa fupi: maziwa yanafunika hiliki. Anayetaka maziwa ayanywe kama maziwa, ya moto, kwenye glasi, kwa heshima yake. Chai ya maziwa anampikia mgonjwa, mtoto, na mgeni wa kutoka bara.

Nipo upande wake. Hiliki ina harufu nyepesi inayokaa juu ya kikombe na kupotea upesi, na mafuta ya maziwa huizuia isifike puani. Ndani ya chai ya rangi unaipata kabla hujameza.

Usiku mji huu huigeuzia chai mgongo. Baada ya isha vijiweni hunywewa kahawa chungu, imemiminwa kutoka kwenye dele katika vikombe visivyo na mkono, bila sukari kabisa, na utamu hutoka kwenye kashata. Mtu yuleyule aliyetaka vijiko viwili asubuhi hunywa uchungu mtupu jioni. Kwa kahawa kuna daftari jingine, kwa hiyo hapa napita.

Kuna kikombe kimoja cha Tanga kisichopatikana mgahawani. Nilikikuta Chumbageni, kwa mama mmoja mtu mzima mwenye ndugu Pemba na Maskati. Familia za namna hiyo ni nyingi mwambao huu: majahazi yalikuwa yakienda na kurudi kati ya Tanga na Wete, Pemba, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wa Unguja na Pemba walihamia Oman, wakabaki na shangazi na binamu huku. Mpwa wake alikuwa amekuja likizo. Akataka kumpikia shangazi yake karaki, chai inayouzwa kila kona ya miji ya Ghuba kwenye vikombe vidogo vya karatasi, na madereva huipigia honi wakaletewa garini. Alikuja na maziwa yake ya kopo, Rainbow, kutoka Maskati. Majani aliyatia mwanzo, na maji kidogo, akayachemsha mpaka yakawa meusi, sukari ikafuata, hiliki, kisha maziwa ya kopo, na moto ukaachwa uendelee mpaka chai ikapanda hadi ukingoni na kushuka mara kadhaa, ikapata rangi ya ngozi ya tende.

Kila jambo alilolifanya lilikuwa kinyume cha mama wa Ngamiani. Majani kwanza badala ya mwisho. Uchungu ukatafutwa makusudi, kisha ukatulizwa kwa maziwa mazito. Na kwa njia yake ni sahihi, kwa sababu chai ya namna hiyo isipokuwa kali hugeuka maziwa matamu tu.

"Shangazi, vipi?" mpwa aliuliza.

"Nzuri, mwanangu. Inanikumbusha bibi yako alivyokuwa akipika maziwa ya mchele," shangazi alijibu, akaimaliza yote. "Sasa niwekee chai."

Mpwa alicheka, akasuuza sufuria. Nilipenda kwamba hakukasirika. Aliniambia huko Maskati, wakikutana wanaozungumza Kiswahili, nyumba hugawanyika hivyohivyo: vijana karaki, wazee mkandaa wenye mdalasini, na mkate wa kumimina katikati kwa wote.

Kusini ya Tanga, mwendo wa kilomita hamsini hivi, Pangani haina mpangilio wake wa pekee wa kupika. Viungo hutangulia kama Ngamiani. Tofauti ni maji. Maji ya chumvi hupanda mtoni, visima vingi vina ladha ya chumvichumvi, na chai iliyopikwa kwa maji hayo huwa butu hata ukitia hiliki mara mbili. Wenye uwezo hupikia chai maji ya mvua waliyoyakinga. Lakini Pangani inanishughulisha kwa sababu ya sukari. Katika karne ya 19 kingo za mto huu zilikuwa mashamba ya miwa ya Waarabu wenye mji, na waliolima, kukata na kukamua miwa hiyo walikuwa watumwa. Sukari guru na asali yake vilipakiwa majahazini kwenda Unguja na ng'ambo. Nyumba zile kuukuu za mawe zilizobaki ukingoni, ambazo wageni huzipiga picha kwa sababu ya milango yake, zimesimama kwenye utajiri wa aina hiyo. Leo sukari ya mgahawani Pangani hutoka viwandani mbali, na mhudumu anayekuletea bakuli lake hana habari kwamba utamu huo ulikuwa ukitoka palepale kwenye kingo za mto, kwa mikono isiyolipwa. Nayaandika hapa kwa sababu sijaona yameandikwa popote mjini.

Na maji ya Tanga mjini, yale yaliyochemka kwenye sufuria ya Ngamiani? Hayo hutoka mto Zigi, yanakusanywa bwawani Mabayani. Zigi hushuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani. Hiliki ya mama yule aliinunua kwa mfanyabiashara wa Muheza, aliyeinunua kwa wakulima wa Amani. Mdalasini na pilipili manga vilifuata njia hiyohiyo. Majani pia ni ya milimani. Ukiondoa sukari na tangawizi, kikombe kizima kimeteremka mlima mmoja. Ndiyo maana nilipanda.

Kutoka Muheza gari huacha minazi na michungwa, likaanza kona, na hewa hubadilika kabla hujaona msitu. Amani iko takriban mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa kilimo hapa mwaka 1902, wakaleta mimea kutoka kila pembe ya dunia ya joto kuijaribu, na chai ilikuwa mmojawapo. Hapa ni mojawapo ya mahali pa mwanzo kabisa chai ilipopandwa katika nchi hii. Kilimo cha biashara kilikuja baadaye, mwaka 1926, Waingereza wakiwa wameshashika nchi. Leo mashamba kama Kwamkoro na Bulwa yamekaa katikati ya msitu, kijani kilichokatwa sawasawa, na mpaka wake na miti mikubwa ni mstari mmoja ulionyooka.

Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi. Kiwandani majani hunyaushwa kwanza kwa hewa, yakasagwa kwenye roli zenye meno zinazoyakatakata na kuyaviringisha, yakaachwa yapigwe na hewa mpaka yageuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kisha yakakaushwa na kuchekechwa kwa madaraja. Punje kubwa huenda mafungu yake, vumbi lake. Majani ya namna hii yaliyosagwa hutoa rangi kwa kasi sana, na hapo nilipata maelezo ya mama wa Ngamiani bila yeye kuwepo: jani lililokatwa vipande vidogo hivyo halihitaji kuchemshwa. Sekunde chache ndani ya maji ya moto zinalitosha. Mpangilio wake unalifaa jani hili kabisa.

Sasa lililonishangaza. Amani, mahali hiliki inapoota kivulini chini ya miti ya msituni, nilikunywa chai katika nyumba nne tano na sikukuta hiliki ndani ya kikombe hata kimoja. Chai ya rangi, sukari, basi. Nilipouliza, mwenyeji mmoja, mwanamke aliyekuwa ameanika hiliki kwenye mkeka uani, alinitazama kwa huruma.

"Kaka, hiyo ni ada ya shule," alisema.

Punje za hiliki zilizokuwa juu ya mkeka ule zingetosha vikombe vya Ngamiani kwa wiki nyingi. Kwake ni fedha inayokaukia juani, na kutia fedha kwenye chai ya asubuhi si jambo la mtu mwenye watoto. Badala yake alitia mchaichai aliouchuma mlangoni. Ulikuwa mzuri, na nimeuweka kwenye daftari kwa nyota.

Upande wa pili wa Usambara, Lushoto na Bumbuli, mpangilio hugeuka tena. Huko kuna baridi, na nyumba nyingi zina ng'ombe. Chai ni ya maziwa, lakini haifanani na ya Mombasa: majani huchemshwa kwenye maji peke yake, mengi, kisha maziwa yaliyochemshwa pembeni humiminwa juu. Viungo ni nadra. Hunywewa kwenye kikombe kikubwa cha bati, mikono miwili ikikizunguka ili ipate joto, na viazi au magimbi.

Bumbuli ndiko kiliko kiwanda cha Mponde, kilichofungwa mwaka 2013 katika mgogoro baina ya wakulima na mwekezaji. Wakulima wadogo wakakaa miaka mingi bila pa kupeleka majani. Chai haisubiri; isipochumwa, mche hupanda ukawa mti, na mikono haifiki tena kwenye chipukizi. Nimepita katikati ya mashamba yaliyoachwa hivyo, nikainua uso kutazama chai iliyonizidi kimo. Wengine waling'oa wakapanda maharage na kabichi. Siwezi kuandika kuhusu vikombe vya mkoa huu nikaliruka hilo.

Mzee mmoja wa huko, aliyelima chai tangu ujana, alinikaribisha kwake. Nilimwamkia, nikapewa kigoda. Mkewe alileta chai ya maziwa, na majani yake, niliona, yalitoka kwenye pakiti ya dukani. Mkulima wa chai hana chai. Anauza jani bichi kwa kilo, na jani kavu hulinunua kama mtu mwingine yeyote. Aliposikia nimetoka Mombasa akataka kujua kilo ya chai huko ni bei gani. Nilimweleza habari za mnada, uliohamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, unavyouza chai ya nchi nyingi za Afrika kila wiki kwa dola, ya Tanzania ikiwemo, na kwamba tangu mwaka 2023 Dar es Salaam nayo ina mnada wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Na ya kwetu huku, mwanangu, wanunuzi wanaijua kwa jina gani?"

"Kwa jina la kiwanda, mzee. Huandikwa kwenye gunia, na daraja lake."

"Kijiji hakimo?"

"Hakimo."

Akamwambia mkewe aongeze maziwa kwenye kikombe changu, kisha akaanza kunitajia vijiji vya bonde lile kimoja kimoja, kuanzia cha juu, akisubiri niandike kila jina kabla hajataja jingine.